Kupiga Windows upya bila CD: F11, Reset, flashi au fundi?

Laptopu nyingi zinazouzwa siku hizi hazina hata tundu la CD, lakini bado nakutana na watu wanaozunguka maduka wakitafuta "CD ya Windows" ya mashine zao. Mashine imekuwa nzito, inawaka kwa kujivuta, au imegoma kabisa na kubaki na vile vidoti vinavyozunguka. Mwenyewe anaamini kwamba bila ile CD ya kwenye boksi hakuna kinachofanyika.

CD ilikuwa chombo cha kubebea tu. Ulicholipia ni leseni, na leseni mara nyingi iko ndani ya mashine yenyewe. Laptopu iliyotoka kiwandani na Windows 8, yaani kuanzia mwishoni mwa 2012, au na toleo lililofuata, ufunguo wake wa herufi na tarakimu 25 huwa umehifadhiwa kwenye chipu ya BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha mashine, juu ya ubao mama. Fomati diski, itoe, weka SSD mpya: ufunguo haujaguswa. Na tangu Windows 10 ilipotoka Julai 2015, Microsoft hutunza kwenye seva zao rekodi ya mashine iliyoamilishwa kihalali. Kwa hiyo ukipiga upya toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, ikishika intaneti inajiamilisha yenyewe.

Ukitaka kuuona ufunguo huo na Windows bado inawaka, fungua PowerShell (itafute kwenye menyu ya Start) uandike:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Mstari ukirudi mtupu, basi mashine ni ya zamani zaidi au ilitoka kiwandani bila Windows. Za enzi ya Windows 7 zilibandikwa stika kwenye kitako, na nyingi zimeshafutika kwa joto la mapajani. Hata zinazosomeka hazina tena nguvu ya zamani, maana Septemba 2023 Microsoft walitangaza kuifunga njia ya kutumia funguo za Windows 7 na 8 kupata toleo jipya bure.

Hofu ya leseni ikishaisha, swali linalobaki ni upite njia gani. Jibu linategemea kama mashine bado inawaka, kama diski iliyomo ni ya asili, na una bando la kiasi gani.

Chumba kilichofichwa kiwandani

Watengenezaji walipoacha kuweka CD kwenye boksi, walitenga sehemu ya diski, wakaificha, wakaweka humo Windows kamili na draiva zake, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa vya mashine. Unaiamsha kwa kubonyeza kitufe mara tu mashine inapowaka: F11 kwa HP, F9 kwa ASUS, Alt pamoja na F10 kwa Acer, sifuri kwa Toshiba za zamani. Lenovo nyingi zina kitundu kidogo ubavuni, unachokoa kwa pini.

Raha ya njia hii ni kwamba haili bando wala haihitaji flashi, na Wi-Fi, sauti na kamera vinarudi vikiwa vinafanya kazi. Tatizo ni kwamba inakurudisha kwenye siku ile laptopu ilipotoka kiwandani. Mashine ya 2013 itakurudishia Windows 8, mfumo ambao hata mrithi wake 8.1 uliacha kupata masasisho ya usalama Januari 2023, pamoja na antivirusi ya majaribio iliyokwisha muda wake zamani.

Halafu kuna jambo letu la huku. Laptopu nyingi mitaani ni used za Ulaya na Dubai. Kabla hazijakufikia, mtu alishatoa diski ya asili akaweka SSD, na kile chumba kiliondoka na diski yake. Utabonyeza F11 mpaka kidole kife ganzi. Mimi naitumia njia hii kwa mashine iliyonunuliwa mpya, ambayo diski yake haijabadilishwa na umri wake haujapita miaka minne hivi. Zaidi ya hapo naipita.

Reset ya ndani ya Windows

Windows 10 na 11 zina uwezo wa kujipiga upya zenyewe. Fungua Settings, tafuta Recovery, bonyeza "Reset this PC". Kama mashine haifiki hata kwenye paswedi, izime kwa nguvu ikiwa katikati ya kuwaka, urudie mara mbili au tatu. Itajiona mgonjwa na kukufungulia skrini ya matengenezo, humo utaikuta Reset chini ya "Troubleshoot".

Itakuuliza maswali mawili, na mawili hayo ndiyo ya kutulia. La kwanza: ubakishe mafaili yako au ufute kila kitu? Mwaka juzi shemeji yangu mwenye duka la vipodozi aliniletea laptopu yake. Nikamwambia kwa kujiamini, "Shem, usiwe na wasiwasi, nimechagua 'Keep my files', vitu vyako vyote vinabaki." Picha zilibaki. Vyeti vya watoto vilibaki. Kesho yake asubuhi akapiga simu: "Shem, mbona madeni ya wateja siyaoni?" Programu yake ya mauzo ilikuwa inaweka hifadhidata ndani ya folda yake yenyewe kule Program Files, na Reset huondoa programu zote ulizoweka, kisha inakuachia tu orodha ya majina yake kwenye Desktop. Tulikaa siku mbili tukiyaandika madeni upya kutoka kwenye daftari la kaunta na jumbe za simu. Kosa lilikuwa langu. Windows ikisema "my files" inamaanisha Documents, Desktop, Pictures na ndugu zake. Vya mauzo, vya uhasibu na paswedi zilizo kwenye kivinjari, vitoe nje kwanza kwa mkono wako.

Swali la pili: Windows ichukuliwe kwenye mashine yenyewe au ipakuliwe upya? Ya kupakua ilianza 2020, nayo inakuonya mapema kwamba inaweza kula zaidi ya GB 4. Ya ndani haili kitu, ila inajijenga kwa mafaili yaleyale yaliyomo. Kama yameharibika, utapiga upya na ugonjwa utarudi, au kazi itakatika njiani. Mashine iliyokuwa nzito tu naipa ya ndani. Iliyoingiwa na virusi, au inayotoa skrini ya buluu, naipa ya kupakua au naiacha Reset kabisa na kwenda kwenye flashi.

Chaja iwe ukutani muda wote. Kama betri imekufa, subiri siku ambayo umeme wa mtaani kwenu hauchezi. Reset ikikatika katikati, mashine inaweza isiwake tena, na hapo flashi utaihitaji upende usipende.

Kupiga juu kwa juu

Hii wengi hawaijui, na ni ya kujaribu kabla ya zote kama Windows bado inafunguka. Windows 11 za karibuni zina kitufe cha "Fix problems using Windows Update" palepale kwenye Recovery. Kinapakua Windows upya na kuiweka juu ya ile iliyopo, programu zako na mafaili yakibaki yalivyo. Kwenye Windows 10 unafikia hapohapo kwa kufungua faili la ISO, yaani faili moja lililobeba Windows nzima, na kubofya setup. Laiti ningeanza na hii siku ile, madeni ya shemeji yangekuwepo. Haitibu virusi vilivyojificha, wala haisaidii mashine isiyowaka.

Flashi uliyoitengeneza mwenyewe

Ninayoitumia mara nyingi zaidi ni hii. Unahitaji flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu cha thamani, maana itafutwa yote. Kompyuta nyingine nzima, hata ya intaneti kafe. Na bando, kwa sababu ISO ya Windows 11 inapita GB 5. Bando la usiku ndilo rafiki hapa. Na ISO ukishaipata mara moja, itunze: flashi moja inahudumia ukoo mzima.

Kuna programu mbili za kuitengenezea, zote za bure. Media Creation Tool inatolewa na Microsoft kwenye tovuti yao. Inapakua na kuandika flashi yenyewe, wewe unabonyeza tu. Rufus ni nzuri zaidi kama ISO tayari unayo. Usijaribu kunakili tu mafaili ya ISO kwenye flashi kama unavyonakili muziki: faili la install.wim kwenye ISO hizo kwa kawaida limepita GB 4, na flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haibebi faili kubwa kiasi hicho. Rufus inalimaliza tatizo hilo yenyewe.

Kabla ya kuchomeka flashi, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data ya diski. Laptopu nyingi mpya hujifunga zenyewe mara tu unapoingia na akaunti ya Microsoft, na mwenye mashine hana habari. Siku utakapogusa mipangilio ya BIOS itakudai tarakimu 48. Kwa kawaida zimehifadhiwa kwenye akaunti hiyohiyo, fungua aka.ms/myrecoverykey kwenye simu, uziandike pembeni.

Chomeka flashi, washa, bonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia: F12 kwa Dell, Lenovo na Acer, F9 kwa HP, Esc kwa ASUS. Ikikuuliza ufunguo wa leseni na huna, bonyeza "I don't have a product key" uendelee. Mara nyingi hata haikuulizi. Inausoma ule wa kwenye BIOS na kuchagua Home au Pro yenyewe, ndiyo maana wengine hushangaa mbona hawakupewa orodha ya matoleo.

Kisha inakuja skrini ya diski, na hapa ndipo watu wanakwama. Kwenye laptopu nyingi zenye prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 11 utaikuta orodha ni tupu. Hakuna diski hata moja! Mara ya kwanza kuiona nilidhani SSD imekufa, nikaifungua mashine, nikaitoa na kuirudisha, bure. SSD ilikuwa nzima. Intel walibadilisha namna diski inavyosimamiwa, na kisakinishi hakina draiva yake. Dawa ni kwenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, kupakua draiva ya Intel RST ya modeli yako, kuifungua ndani ya folda mpaka uone mafaili yenye mwisho wa inf, na kuinakili kwenye flashi ileile. Ukirudi kwenye skrini tupu, bonyeza "Load driver", ielekeze kwenye folda hiyo, diski inatokea.

Orodha ikishajaa, soma ukubwa wa kila sehemu kabla ya kufuta. Diski ya nje ichomoe kabisa, usiiamini kumbukumbu yako. Kama una D yenye picha za harusi, futa zile za Windows tu. Ukisakinisha bila kufomati, vya zamani vinasogezwa kwenye folda ya Windows.old, vichukue mapema, kwa kuwa folda hiyo hujifuta baada ya siku 10 hivi.

Kikwazo cha mwisho ni cha kuchekesha. Windows 11 inataka intaneti ili imalize kusakinishwa, na Wi-Fi haifanyi kazi kwa sababu draiva yake iko intaneti. Chukua simu ya Android, ichomeke kwa waya wa USB, washa ile huduma ya kugawa intaneti kwa waya. Laptopu inaiona kama waya wa mtandao wa kawaida. Ukishaingia, ruhusu Windows Update ifanye kazi. Draiva nyingi zinakuja zenyewe, na bando lako litalisikia hilo.

Kwa wanaotaka mashine irudi na draiva zake zote kama ilivyotoka kiwandani, Dell, HP na Lenovo wana programu zao za kutengeneza flashi ya modeli husika. Zinakula bando zaidi na si kila modeli inayohudumiwa.

Fundi wa mtaani

Fundi mzuri ana vitu ambavyo huna: ISO zilizokwishapakuliwa, rundo la draiva, na macho yaliyoona mashine mia kama yako. Kama huna kompyuta ya pili wala bando, mpelekee tu, hakuna aibu. Ila muulize swali moja kabla hajaishika: "Fundi, utaniwekea kwa leseni ya mashine, au unakraki?"

Akikwambia anakraki, yaani anaidanganya Windows ionekane imelipiwa, au ukimwona anazima antivirusi kwanza "ili isisumbue", mwombe aache. Programu ya kukraki inapewa mamlaka yote ya mashine huku mlinzi akiwa amelazwa, na mashine hiyohiyo ndiyo utakayofungulia akaunti ya benki. Dalili nyingine ni Windows inayorudi ikiwa na Office, kicheza video na vingine kumi kabla hujagusa kitu: hiyo ni nakala ya mashine ya mtu mwingine iliyomwagwa kwenye yako, na huwezi kujua alikuwa na nini. Kama kweli leseni haipo, afadhali Windows isiyoamilishwa. Utavumilia maneno "Activate Windows" kwenye kona na kushindwa kubadilisha picha ya ukutani, lakini kazi zinaendelea.

Kwa mashine ambazo Windows imezikataa

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 kwenda juu. Core i5 ya kizazi cha tatu yenye RAM ya GB 4, inayofanya kazi vizuri kabisa, imebaki katikati. Hiyo mimi naipa Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa badala ya Windows. Ni ya bure, ISO yake ni karibu GB 3, na unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi ukaijaribu siku nzima bila kugusa diski. Kama huna kompyuta ya pili, flashi yake inaandikwa hata na simu ya Android yenye waya wa OTG, ule wa kuunganisha flashi na simu, kwa programu ya EtchDroid.

Firefox na LibreOffice zimo tayari, na barua, ripoti na mitihani ya Word vinafunguka, ingawa mpangilio wa jedwali unaweza kucheza kidogo. Anayetegemea programu za Adobe, au programu ya uhasibu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows, asijisumbue.

Kwa anayetaka kuona kwa jicho moja:

| Njia | Bando | Mafaili yako | Nani aichukue |
|---|---|---|---|
| Chumba cha kiwandani | Hakuna | Yanafutwa | Mwenye mashine changa na diski ya asili |
| Reset | Hakuna, au zaidi ya GB 4 | Yanabaki ukitaka. Programu zinaondoka | Mashine nzito lakini bado inaitikia |
| Juu kwa juu | GB kadhaa | Yanabaki, na programu pia | Windows inayofunguka lakini ina hitilafu |
| Flashi | Zaidi ya GB 5, mara moja | Yanafutwa ukifomati | Diski mpya, virusi, mashine isiyowaka |
| Fundi | Lake | Muulize kwanza | Asiye na kompyuta ya pili |
| Linux Mint | Karibu GB 3 | Yanafutwa ukiipa diski nzima | Mashine iliyokataliwa na Windows 11 |

Wenye MacBook mna raha yenu: Command na R kwa za Intel, au kushikilia kitufe cha kuwashia kwa za M1 na zilizofuata, na mashine inajipakulia mfumo wake.

Na wewe unayepanga kununua laptopu used iliyokuwa ya kampuni ya nje, kuna mtego ambao hakuna njia hata moja ya kupiga Windows kati ya hizi inayoutegua. Kampuni nyingi husajili laptopu zao kwenye huduma ya Microsoft inayoitwa Autopilot, na usajili huo unakaa kwenye seva, hauko kwenye diski. Ikiuzwa bila kufutiwa usajili itafanya kazi vizuri miezi yote, mpaka siku utakapopiga Windows upya na kuunganisha intaneti. Hapo inatokea nembo ya kampuni ya Ujerumani usiyoijua, inakudai barua pepe ya kazini. Anayeweza kuiondoa ni kampuni yenyewe. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji aifanyie Reset ya kufuta kila kitu mbele yako, uiunganishe na intaneti ya simu yako, na usubiri uone inakuomba akaunti ya nani.